SOMO: Kuandaa Toyota Altezza kwa drifti ya kwanza, kabla hujagusa injini

Wakuu, naandika mara moja ili nisijibu tena mmoja mmoja. Kila wiki swali ni lile lile: "Nina Altezza, niweke turbo gani nianze kudrifti?" Hakuna. Kudrifti ni kuitelezesha gari kwa ubavu kwa makusudi kwenye kona. Gari ya kujifunzia inatakiwa ikate kona vizuri mbele, ifunge tairi za nyuma ukivuta hendibreki, na tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja. Injini iwe nzima, basi.

Naongelea AS200 (GXE10), injini 1G-FE ya lita 2, silinda 6, gia 6 za manyuali. Mwenye RS200 (SXE10) asome vile vile, ila kwenye difu (gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa tairi mbili) asubiri, nimemtaja huko chini.

1. Sevisi. Oili, filta, plagi, maji ya rejeta. Oili ifike alama ya juu, maana gari ikiteleza kwa muda mrefu oili inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. 1G-FE inatumia belti ya taimingi, siyo cheni. Imefika km 100,000, au hujui ilibadilishwa lini? Badilisha.

2. Toa spea, jeki, spika za buti na takataka zote. Betri ishike kwa mkono uitikise. Ikicheza, funga upya.

3. Bushi, bolijointi, tairodi, beringi za magurudumu. Kinacholegea kinabadilishwa kabla ya hatua ya 7, la sivyo alaimenti unalipia bure.

4. Fluidi ya breki mpya, DOT 4. Pedi zisiwe chini ya nusu.

5. Hendibreki. Altezza ina diski nyuma, lakini hendibreki haigusi diski hiyo. Kuna brekishu ndogo ndani ya kikombe cha diski, na kwenye gari nyingi zimekauka au zimejaa vumbi. Vua diski, safisha, piga msasa. Rudisha, kisha zungusha kigurudumu chenye meno kupitia tundu la diski mpaka diski isizunguke, halafu rudisha nyuma meno 8. Waya urekebishe mwisho, USIANZE na waya. Ukikaza waya kuficha brekishu zilizolegea, zitaburuza muda wote, zitachemka na kuungua. Kisha zilaze, yaani zizoee kushika: mwendo wa 50 km/h, bonyeza kitufe, vuta kidogo kwa mita 400 hivi, acha zipoe, rudia mara mbili.

6. Difu. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma taratibu.

Difu ya kawaida inapeleka nguvu kwenye tairi yenye mshiko mdogo. Ukiteleza, tairi ya ndani inazunguka bure, ya nje inashika, gari inajinyoosha. Dawa ya bei nafuu ni kuchomelea gia za ndani ziwe kitu kimoja.

Difu ishuke chini ya gari. Mwaga oili, fungua kifuniko, weka alama kwenye vifuniko vya beringi (kushoto, kulia) na kwenye shimu zake kabla hujatoa kitu. Ukizichanganya, krauni (gia kubwa ya duara) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) hazitakaa tena kama zilivyotoka kiwandani. Toa kikombe chenye gia na uvue krauni. Osha kwa petroli, kausha, rudia. Oili iliyobaki kwenye meno inageuka moshi na weldi inajaa matundu.

Erthi ya mashine ifungwe KWENYE KIKOMBE CHENYEWE. Siyo kwenye nyumba ya difu, siyo kwenye flenji (sahani ya kufungia ekseli), na hasa siyo kwenye bodi ya gari kwa ajili ya uvivu wa kushusha. Umeme unatafuta njia ya kurudi, na njia hiyo ikipita kwenye beringi, unapiga cheche kati ya rola za beringi na njia yake. Kwa macho huoni kitu. Ukifunga, difu inalia kuanzia mwendo wa 50 au 60 na haitanyamaza mpaka ubadilishe beringi.

Chuma cha gia ni kigumu, hakipendi weldi ya baridi. Pasha kikombe kifike kama nyuzi 200. Tumia elektrodi 7018 zilizotunzwa pakavu, mm 3.2, amp 110 hadi 130. Ile 6013 ya kuchomelea mageti inapasuka. Jaza pembe zote ambapo gia ndogo inakutana na gia ya pembeni, ukivuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine ili joto lisikae sehemu moja. Gonga takataka za weldi baada ya kila mstari. Ziba tundu la meno ya ekseli, tone moja likiingia humo ekseli haitaingia. Ukimaliza, zika kikombe kwenye mchanga mkavu au majivu kipoe usiku kucha. Usimwagie maji!

Weldi isiyozama inaonekana nzuri kisha inavunjika ukikanyaga. Kipande kinaangukia kati ya krauni na pinioni, difu inafunga ghafla ukiwa kwenye mwendo. Fundi akisema "nitagusa gusa tu", mpe difu mwingine.

Jaza oili ya difu 75W-90 GL-5 mpaka ichuruzike kwenye tundu la kujazia, gari ikiwa sawa. Baada ya siku ya kwanza ya mazoezi mwaga, weka mpya. Utaona vumbi la chuma.

Na ujue umejifunga: gari itapiga kelele za tairi kila ukipaki, na kwenye mvua mbele itagoma kukata kona. Siyo gari ya kupeleka watoto shule.

7. Alaimenti. Mbele: kemba (tairi kulala kwa juu) hasi digrii 2 hadi 3, yaani juu iingie ndani, kasta (mhimili wa usukani kulala kwa nyuma) kadiri bolti za kiwanda zinavyoruhusu, tou (pua za tairi kuangalia nje au ndani) nje mm 1 kila upande. Nyuma: kemba karibu na sifuri, tou ndani mm 1 kila upande. Kasta ndiyo inayorudisha usukani wenyewe unapouachia. Bila hiyo utapigana nao.

8. Tairi. Mbele nzuri, psi 32 hadi 35. Nyuma mtumba wowote mgumu usio na nyufa, psi 40 hadi 45. Tairi zilizovikwa ngozi mpya, hapana. Ngozi inachomoka na kurarua fenda na waya zilizo karibu. Nati Nm 103 kwa spana ya kipimo, rudia kukaza kila baada ya raundi.

9. Hidroliki ya usukani: badilisha oili (ATF), kagua mipira, na acha kiwango chini kidogo ya MAX. Ikichemka inapanda, inamwagikia ekzosi, inawaka.

10. Helmeti. Mtungi wa unga wa kilo 2 uliofungwa kwa bolti, siyo uliotupwa nyuma ya kiti. Mkanda wa pointi nne usifunge kwenye kiti cha kiwandani, utateleza chini yake.

Kwanza zunguka ndoo kwa gia ya kwanza, kisha piga nane kati ya ndoo mbili, halafu gia ya pili. Uwanja uliofungwa tu.

MASWALI

kijana_wa_boost: Mkuu somo zuri. Sasa mimi yangu 1G nataka kuitoa niweke 2JZ (injini ya lita 3 ya Supra), nianze na turbo gani?

Umesoma mstari wa kwanza? Toyota AE86 iliyomjengea jina Tsuchiya Keiichi, yule Mjapani anayeitwa mfalme wa drifti, ilikuwa na 4A-GE ya lita 1.6, farasi 130 kwa hesabu ya kiwandani. Wewe una 160. Gari yake ilikuwa nyepesi, kweli, ndiyo maana kuna hatua ya 2.

Mama_Gereji: Kwa nini tuchomelee wakati LSD (difu zinazozuia tairi moja kuzunguka bure) za mtumba zinakuja kutoka Japani? Na ya RS200 je?

Swali zuri, dada. LSD ya klachi aina ya 2-way ni bora kuliko weldi: inafunga ukikanyaga na ukiachia, na inalegea kidogo ukipaki. Tatizo ni bei, na kuuziwa kitu kisicho chenyewe. RS200 nyingi zina Torsen (LSD ya gia tupu, bila klachi), hiyo usiichomelee, iache. Inatosha kujifunzia, ila tairi moja ikinyanyuka au ikikanyaga mchanga inakuwa kama difu ya kawaida. Namna ya kupima dukani: zungusha flenji moja kwa mkono. Ya pili ikienda kinyume, ni difu ya kawaida au Torsen. Ikienda upande ule ule kwa ugumu, ni LSD ya klachi ambayo bado ina uhai. Ikienda upande ule ule bila kulegea hata chembe, imechomelewa, na unauziwa weldi kwa bei ya LSD. Fungua kifuniko kabla ya kutoa hela.

Mama_Gereji: Asante sana. Hii ya tatu nishaiona kwa macho yangu.

driftking_254: Nimechomelea wiki iliyopita, difu inalia kama filimbi nikifika 60. Fundi anasema ni oili.

Erthi ilifungwa wapi?

driftking_254: Kwa chesisi, hatukushusha difu.

Basi hiyo filimbi ni beringi. Hatua ya 6, aya ya nne. Shusha, badilisha beringi za pembeni na za pinioni, pima upya mguso wa meno. Ukiendelea hivyo hivyo utabadilisha na krauni.

Babu_Spana: Mwalimu umesahau washa za tairodi. Bila kuongeza engo (kiasi tairi za mbele zinavyokata) mtu hadrifti.

Sijasahau, nimeziacha makusudi, mzee wangu. Washa ya mm 3 ndani ya tairodi inaongeza engo, lakini inapunguza nyuzi zilizobaki kwenye reki ya usukani, inasogeza tou, na tairi inaanza kugusa fimbo ya stebilaiza na mpira wa breki. Anayeanza hajafikia hata engo ya kiwandani. Akianza kuigonga kila raundi, aweke, azungushe usukani mwisho pande zote mbili gari ikiwa juu na ikiwa chini, na arudi kwenye alaimenti.

Babu_Spana: Hapo tuko pamoja. Mpira wa breki wengi hawauangalii.

tulia_tu: Mark X yangu ni otomatiki na breki ya kupaki ni ya mguu. Nafanyaje?

Breki ya mguu ukikanyaga inajifunga, huwezi kuigusa na kuiachia haraka. Itabidi uweke lever ya mkono. Otomatiki inawezekana kwenye uwanja wenye maji, ukishikilia gia ya chini, lakini huna klachi ya kupigia ili tairi za nyuma ziachie, na ATF inachemka. Weka kipoza oili cha giaboksi kwanza. Na VSC (kompyuta inayozuia gari kuteleza) ikiamka katikati ya kuteleza hujifunzi kitu.

mdadisi_04: Psi 45 nyuma, ni baridi au moto? Na tairi ikichemka?

Baridi. Baada ya raundi chache inaweza kupanda psi 5 au zaidi, basi pima kila ukisimama na utoe, isizidi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Upepo mwingi unapunguza mguso, ndiyo maana farasi 160 wanatosha. Ukizoea, shusha kidogo kidogo. Na uangalie tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT ubavuni: 3514 ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Ngumu ni sawa, yenye nyufa ubavuni inapasuka.

mdadisi_04: Kumbe! Nilidhani ni namba ya bidhaa.

Fundi_Kimya: Nyongeza: mwagieni uwanja maji. Tairi zinadumu mara nyingi zaidi na mwendo unakuwa mdogo. Sabuni msiweke, siku ya pili mwenye uwanja anawafukuza.

kijana_wa_boost: Sawa, turbo nimeiacha. Lakini nati za nyuma kulia zinalegea kila mara, hata nikikaza vipi.

Umeweka spesa (bamba la kusogeza tairi nje)?

kijana_wa_boost: Ndiyo, mm 20.

Toa. Angalia kama tundu la katikati la spesa linakaa kwenye habu bila kucheza, na kama stadi (bolti za habu zinazoshika nati) hazijavutika: nati ikienda kwa mkono halafu ikakaza katikati ya nyuzi, stadi imekwisha. Badilisha zote tano, siyo moja.