Kabla hujagusa rilei ya friji gadi au steblaiza: mambo ya kuzingatia

Friji gadi ni kifaa kinachokata umeme wa friji unaposhuka au kupanda mno; rilei ni swichi ya ndani yake inayovutwa na sumaku ya umeme. Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Kapasita kubwa hubaki na chaji, zipime kwa mita kwanza. Nyaya zipige picha kabla hujalegeza skrubu.

Sikiliza. Rilei nzima hulia tiki moja kavu. Ikitetemeka mfululizo, pima voti zinazofika kwenye koili (waya uliozungushwa unaovuta swichi) kabla hujailaumu: koili ya voti 12 ikipata 7 haivuti sawasawa.

Sasa msasa. Usiingie ndani ya rilei ya umeme mkubwa, kabisa! Kontakti zake, yaani vile vipande vinavyogusana kupitisha umeme, ni aloi ya fedha, na weusi wake wa kawaida hauzuii umeme mkubwa kupita. Mama mmoja muuza samaki hapa Shangani, Mtwara, friji gadi yake ilikuwa inakatakata. Fundi akafungua rilei, akasugua kwa msasa, kontakti zikang'aa, friza ikawaka, akalipwa akaondoka. Lakini uso uliokwaruzwa hugusana kwa vinundu vichache tu, na kompresa ikianza huvuta mkondo mara tano au zaidi ya ule wa kawaida. Vinundu vikapata moto, vikayeyuka, vikaungana. Usiku umeme ukakatika, ukarudi ukipanda na kushuka. Taa nyekundu ikawaka kama inavyotakiwa, ila ndani hakuna kilichoachia. Kompresa ikaungua. Alipofungua friza, changu na kolekole wamelegea, maji mekundu chini. Rilei ile niliifungua mimi: kontakti zimeng'ang'aniana, nikazibandua kwa bisibisi. Mtaji wa mama wa watu umekwenda, na rilei mpya ni bei ndogo mno ukilinganisha na kompresa.

Kwa hiyo badilisha, na usome maandishi ya mgongoni. Ampea 10 kwa 250VAC (voti 250 za AC, umeme wa ukutani) ni za mzigo kama pasi. Kompresa inataka rilei kubwa zaidi, hata ya ampea 30. Mwenye sola naye asidanganyike: rilei hiyohiyo kwa umeme wa DC, ule wa betri, mara nyingi huishia voti 30, kwa sababu mkondo wa DC haupiti sifuri kama wa AC, cheche haizimiki upesi.

Kwa sisi wa pwani, chukua iliyozibwa kabisa, chumvi ya hewani haina huruma. Friji gadi usiifunike kitambaa wala kuiweka chini maji yanapotiririka. Na kagua soketi: miguu ya plagi ikiwa imeungua, usichomeke tena mpaka soketi ibadilishwe.