Usiwe na haraka ya kumgeuza mtoto atazame mbele

Wazazi wenzangu, mtoto kutazama nyuma kwenye kiti chake cha gari si jambo la wiki chache. Kanuni ya R129, ya usalama wa viti vya watoto vya gari, inayotumika Ulaya inataka akae hivyo mpaka apite miezi 15, na hicho ni kiwango cha chini tu. Shingo yake bado laini, kichwa kizito. Mwache hivyo maadamu kiti bado kinamtosha. Ila kamwe asitazame nyuma mbele ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari linapogonga) inayofanya kazi!

Halafu mikanda. Mvue koti zito kwanza, mfunge, kisha jaribu kuukunja mkanda wa begani kwa vidole viwili. Ukikunjika, bado umelegea, kaza tena. Koti mfunike nalo kwa juu.