Somo: Kupasha nyumba joto Uingereza bila kumalizwa na mita

Oktoba yangu ya kwanza huku nilikwenda dukani na kadi ya gesi, nikaweka pauni 30. Nikarudi nyumbani mbio, nikaichomeka kwenye mita, skrini ikaonyesha pauni 3 na peni kadhaa. Nilidhani mita ni mbovu. Kumbe kiangazi kizima hatukuwasha gesi, maana jiko na shawa ni vya umeme, lakini ada ya kila siku ilikuwa inajiandika kimyakimya, kama peni 27 kwa siku, siku mia moja. Usiku ule wanangu walilala na makoti. Hakuna aliyekuwa ameniambia, ndiyo maana nawaambia ninyi mapema.

Hatua ya 1: Ijue mita yako

Kama unalipia kabla, weka pauni tatu hivi za gesi kila wiki hata Julai, ili Oktoba isikukute na deni. Pia msichanganywe na habari za kikomo cha bei. Ofgem, mdhibiti wa nishati, hupanga kikomo hicho kila baada ya miezi mitatu, na kinabana bei ya yuniti na ada ya siku tu. Jumla ya bili haina kikomo: ukitumia sana, utalipa sana.

Hatua ya 2: Tafuta upepo unapopenyea

Subiri siku ya upepo. Lowesha mgongo wa mkono, uupitishe polepole kwenye kingo za mlango, chini ya dirisha, kwenye tundu la barua. Mahali penye mwanya utausikia ubaridi papo hapo. Mimi nilishona mfuko mrefu kwa kanga iliyochakaa, nikaujaza matambara, nikaulaza chini ya mlango wa mbele. Tofauti niliiona jioni ileile. Ila vile vitundu vya hewa ukutani karibu na boila (mtambo wa gesi unaopasha maji) au moto wa gesi usivizibe kamwe.

Hatua ya 3: Toa hewa kwenye redieta

Hapa ndipo watu wengi wanapotupa hela. Washa mfumo, kisha shika redieta, lile bati la ukutani linalopitisha maji moto, juu na chini. Ikiwa chini ni moto na juu ni baridi, ndani kuna hewa, na unalipia redieta nzima huku ukipata nusu.

Zima mfumo, uache upoe kabisa. Nunua ufunguo wa redieta, ni kitu cha bei ndogo sana kwenye maduka ya vifaa. Juu pembeni utaona kijitundu chenye chuma cha pembe nne ndani. Shikilia kitambaa chini yake, zungusha ufunguo kushoto robo tu. Utasikia hewa ikitoka *sss*, kama sufuria ya presha inapoachia. Usiogope. Sauti ikikatika na matone ya maji kuanza kutoka, funga. Maji ya kwanza huwa meusi, na yanachafua zulia kweli, kwa hiyo kitambaa usikisahau. Ukimaliza zote, tazama saa ya presha kwenye boila: mfumo ukiwa baridi, isomeke kati ya 1 na 1.5.

Ikiwa juu ni moto na chini ni baridi, hilo ni tope lililotuama, na linahitaji fundi.

Hatua ya 4: Punguza joto la maji ya redieta

Boila nyingi za kombi, zile zisizo na tangi la maji moto, huachwa zimewekwa nyuzi 70 au 80. Ishushe hadi 60. Redieta hazitakuwa moto kama zamani, na chumba kitachelewa kidogo kupata joto, lakini boila itatumia gesi vizuri zaidi. Usiguse cha ndani. Kufungua boila ni kazi ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, peke yake.

Hatua ya 5: Dai kilicho chako

Kwa England na Wales, Warm Home Discount ni punguzo la pauni 150 kwenye umeme. Tangu majira ya baridi ya 2025 linawafikia wanaopata posho zinazotegemea kipato, kama Universal Credit. Sharti linaloangusha wengi wetu ni jina: bili iwe kwa jina lako au la mwenzi wako. Kama bado iko kwa jina la binamu aliyekupokea, ipigie simu kampuni ya umeme leo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Je, nikiwasha hita ndogo ya umeme chumbani badala ya gesi, sitaokoa?*
Marahaba mdogo wangu. Hita ya kilowati 2 inakula yuniti mbili kila saa, na yuniti ya umeme ni ghali mara kadhaa kuliko ya gesi. Kwa nusu saa sawa, kwa usiku kucha hapana. Blanketi la umeme linakula kidogo mno, jaribu hilo.

*Mume wangu anataka kuingiza jiko la mkaa sebuleni.*
Mkatalie, dada yangu, hata kama dirisha liko wazi. Hewa yake ya sumu haina harufu, mtu anasinzia na haamki.

*Ukungu mweusi umejaa ukutani kwa mtoto. Mwenye nyumba, ambaye ni shirika la nyumba, anasema tufungue madirisha.*
Pole sana, mama. Kuna mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, aliyefariki Rochdale mwaka 2020 kwa ukungu wa namna hiyo, na wazazi wake nao walikuwa wamelalamika. Tangu Oktoba 2025 kuna sheria yenye jina lake kwa nyumba za jamii (za halmashauri au mashirika ya nyumba) huko England: unyevu na ukungu wa hatari lazima uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Andika barua pepe leo, weka picha na tarehe, na utaje umri wa mtoto.

*Kaka yangu ana viza isiyoruhusu posho. Atafanyaje?*
Asijaze fomu yoyote kabla ya kuongea na Citizens Advice, shirika la ushauri, ni bure. Awaulize pia kuhusu vocha za mita. Hatua ya 2 na ya 3 hazihitaji viza, aanze nazo Jumamosi hii.