Kupima mate na kutunza kinywa wakati wa mionzi ya kichwa na shingo

Mionzi ya saratani za kichwa na shingo kwa kawaida hupigwa siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 7, jumla grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 60 hadi 70. Mate huanza kupungua ndani ya wiki ya kwanza, kabla vidonda havijajitokeza. Kwa hiyo pima mara ya kwanza kabla mionzi haijaanza, la sivyo hutakuwa na cha kulinganishia.

Lakini tangulia kwa daktari wa meno. Jino bovu ling'olewe walau wiki 2 kabla ya mionzi, fizi ipate kupona. Taya likishapigwa mionzi hupata damu kidogo. Pengo laweza kukataa kufunga na mfupa ukafa. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, maana kila mtu ana haraka ya kuanza tiba.

Siku ya kupima, kaa dakika 90 bila kula, kunywa, kupiga mswaki wala kuvuta sigara. Keti wima, inamisha kichwa kidogo, meza mate yaliyopo, kisha anza kuhesabu. Yaache yajikusanye yenyewe bila kutafuna wala kufyonza mashavu, uteme kwenye kikombe kidogo kila dakika kwa dakika 5. Subiri mapovu yatulie, kwani husomeka kama mate. Vuta kwa sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano, soma ni mililita ngapi, gawa kwa dakika 5. Mtu mzima mwenye afya hupata kama mililita 0.3 hadi 0.4 kwa dakika; chini ya 0.1 ni ukavu hasa. Rudia kila wiki saa ileile, kwa kuwa mate ya asubuhi hayalingani na ya alasiri.

Mate yakigeuka mazito na ya kunata, ni kwamba tezi zilizo mbele ya masikio, zinazotoa mate mepesi, zimeumia. Tezi hizo pia humwaga amilesi, kimeng'enya cha kusaga wanga ambacho kongosho nalo hutoa, kwenye damu siku za mwanzo. Kipimo cha damu kikionyesha imepanda, si lazima kongosho liwe na shida.

Dawa ya kusukutua ni rahisi: kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bekin soda katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Bekin soda, si magadi ya kulainishia maharage, ambayo ni makali mno kwa kinywa kilichochubuka. Sukutua na kutema mara 4 hadi 6 kwa siku, hasa baada ya kula na kabla ya kulala. Tengeneza mpya kila siku. Dawa za kinywa zenye spiriti acha. Ndimu huleta mate kidogo, lakini asidi yake hula meno ambayo hayana tena mate ya kuyalinda.

Vidonda huja wiki ya 2 au ya 3. Ponda chakula, kipoe: mtori, uji, maharage yaliyosagwa. Utando mweupe unaofutika na kuacha wekundu mara nyingi ni fangasi, nao hutibiwa kwa dawa ya hospitali. Ukishindwa kumeza hata maji, ukipata homa au kinywa kikivuja damu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usiruke mionzi kwa uamuzi wako; siku zinazopotea huupa uvimbe nafasi ya kukua tena.

Mionzi ikiisha, floraidi, dawa ya kuimarisha meno, iendelee kila siku, kwa kiwango atakachopanga daktari wa meno, hata miaka mingi baadaye.