Namna ya kuandaa karatasi ya maelezo ya nguo kabla hujapeleka oda kiwandani

Nilishona Mwanjelwa, hapa Mbeya, miaka mingi kabla sijaanza kupeleka oda kwenye viwanda vya Dar es Salaam. Fundi aliyezoea kukaa na mteja haandiki mengi. Mteja amesimama mbele yako, unampima kwa futi, unaandika namba sita kwenye daftari, mengine unayabeba kichwani. Kiwandani kichwa chako hakipo. Anayekata hajawahi kukuona, anayepachika mikono hajui ulichomwambia meneja kwenye simu, na kutoka huku hadi huko ni safari ya kutwa kwa basi. Kinachowafikia ni karatasi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipeleka oda ya majaketi ya shule upande wa Tukuyu, kule mvua na baridi hazimpi mtoto nafasi. Niliandika: "Urefu 60." Mimi nilipima kuanzia begani, pale kola inapoanzia, hadi kwenye pindo. Wao walipima kuanzia juu ya kola, na kola ilikuwa ya kusimama yenye sentimita 6. Majaketi yalikuja mafupi kwa sentimita 6 kamili, mtoto akinyoosha mkono ubaoni kiuno kiko nje. Sikuwa na la kudai. Nilichoandika ni 60, na walichonipa ni 60. Tangu hapo naandaa karatasi hivi.

Hatua ya 1: Mchoro

Chora nguo ikiwa imelazwa bapa mezani, mbele na nyuma. Usichore mtu aliyeivaa. Penseli na rula vinatosha, haihitaji usanii. Kila mshono unaoonekana kwa macho uonekane kwenye mchoro: mshono wa pili juu ya mfuko, lastiki ya kiuno, mahali zipu inapoishia. Kitu kidogo kama mfuko wa ndani kichore pembeni kwa ukubwa zaidi.

Hatua ya 2: Vipimo

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Weka herufi kwenye mchoro, A, B, C, na mshale unaoonyesha futi inaanzia wapi na kuishia wapi. Kisha andika kwa maneno kwenye jedwali, kila herufi na mstari wake. Mfano wa jaketi la mtoto, saizi 30:

A. Nusu kifua: 46 cm. Jaketi limefungwa na kulazwa bapa, pima sentimita 2.5 chini ya kwapa, ubavu hadi ubavu.
B. Urefu: 60 cm. Kuanzia begani pale kola inapoanzia, hadi mwisho wa pindo. Kola haihesabiwi.
C. Mkono: 52 cm. Kuanzia mshono wa bega hadi mwisho wa mkono, lastiki ikiwemo.

Andika kipimo kimoja tu, sentimita au inchi, na ukiseme juu ya jedwali. Mafundi wetu tunafikiri kwa inchi, viwanda vingi wanataka sentimita, na inchi 1 ni sentimita 2.54. Usichanganye. Sema pia kama ni kipimo cha nguo au cha mwili. Mtoto wa saizi 30 ana kifua cha inchi 30, yaani kama sentimita 76; jaketi lake kwa mzunguko ni 92, kwa sababu ndani kuna sweta na anahitaji nafasi ya kupumua. Ukiandika 76 bila kusema ni ya mwili, utapata jaketi linalobana kama soksi.

Halafu saizi nyingine. Kutoka 30 kwenda 32, nusu kifua kinaongezeka sentimita 2.5. Usiongeze kila kitu kwa kiwango hichohicho; mfuko wa saizi zilizofuatana unaweza kubaki vilevile.

Mwisho, andika kiasi unachovumilia. Mimi kwa nusu kifua naruhusu sentimita 1 juu au chini, kwa kola nusu sentimita. Usipoandika, watajipangia wao.

Hatua ya 3: Kitambaa

"Kitambaa kizito" si maelezo. Kata mraba wa sentimita 10 kwa 10, upime kwa mizani ndogo ya kidijitali kama ile ya wanunuzi wa dhahabu wa Chunya, maana ya dukani haioni sehemu za gramu. Zidisha kwa 100. Kipande kikiwa na gramu 2.8, kitambaa kina gramu 280 kwa mita ya mraba. Andika namba hiyo, andika kama ni pamba, poliesta au mchanganyiko, na ubane kipande chenyewe kwenye karatasi.

Kama kuna pamba, pima kinavyorudi. Chora mraba wa sentimita 50 kwa 50, fua, anika, pima tena. Ukikuta 48.5, kimerudi kwa asilimia 3, na fulana ya sentimita 60 itakuwa 58 na ushee baada ya kufuliwa. Sema wazi kama vipimo vyako ni vya kabla au baada ya kufua.

Rangi usiipeleke kwa picha ya simu. Nevi bluu ya kwenye simu yangu si ya kwenye simu yako. Peleka kipande, na ukikague nje, kwenye mwanga wa mchana.

Hatua ya 4: Mishono na vikorombwezo

Akiba ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki nje ya mshono, sentimita 1; kingo zipigwe ovaloki ili nyuzi zisifumuke; mishono 10 kwa inchi, yaani hatua 10 za sindano. Kuhesabu ni rahisi: lalia rula juu ya mshono wa nguo unayoipenda, uhesabu. Zipu: ya plastiki, rangi gani, urefu gani, inayoachana kabisa chini. Uzi, lastiki, lebo ya saizi na mahali inaposhonwa, vyote viwe na mistari yao.

Hatua ya 5: Sampuli

Usikubali kukata jora hata moja kabla ya sampuli. Ikija, ilaze mezani, pima A hadi mwisho, jaza safu ya pili ya jedwali. Mpe mtoto aivae, anyooshe mikono, ainame. Ukibadilisha chochote andika toleo la 2 na tarehe, na toleo la 1 lichanwe huku na huko. Sampuli uliyoikubali iwe mbili zenye sahihi: moja kwao, moja kabatini kwako.

Mzigo ukifika, kabla hujasaini risiti ya kupokea, toa jaketi tatu za kila saizi kutoka maboksi tofauti, si za juu peke yake, na uanze na herufi B.