Namna ya Kumtunza Mtoto Mwenye Vidonda vya Ngozi vya Bakteria

Vidonda vinavyotoa majimaji na kufanya vigaga vya rangi ya asali kuzunguka pua na mdomo wa mtoto husababishwa na bakteria aina ya stafilokokasi na streptokokasi, ambao hupenya pale ngozi ilipochubuka, ilipoumwa na mbu au ilipokunwa kwa sababu ya upele, yaani ugonjwa wa ngozi unaowasha na kuambukizana. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba watoto wapatao milioni 162 duniani huwa na vidonda hivyo kwa wakati mmoja.

Nawa mikono kwanza, kisha lowesha vigaga kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka vilegee, kwa maana kuvibandua vikiwa vikavu humtonesha mtoto. Kausha taratibu, funika kidonda, mkate kucha, na taulo lake lisitumiwe na mwingine. Usipake majivu wala dawa ya meno. Mpeleke kituo cha afya apewe dawa inayofaa. Ikiwa anajikuna sana usiku, omba familia nzima itibiwe upele kwa pamoja, na hapa ndipo wengi wetu hukosea, kwani akitibiwa peke yake vidonda hurudi.

Katika wiki chache zinazofuata, mtazame uso kila asubuhi: macho yakivimba au mkojo ukiwa na rangi kama ya chai isiyo na maziwa, mrudishe siku hiyo hiyo, kwa sababu streptokokasi huweza kudhuru figo hata baada ya kidonda kupona.