Plasmidi imebaki au imepotea? Ipime kwa kitambaa cha mahameli

Ukitaka kujua kama bakteria wako wa maabara, E. coli, wanaitunza plasmidi (kipande kidogo cha DNA, hapa kinachobeba usugu wa dawa ya kuua bakteria), usiwapime wakiwa ndani ya dawa hiyo. Humo wengi wasionayo hufa, kwa hiyo utaona karibu wenye nayo tu. Waondolee dawa, wazaane, kisha uhesabu.

Hatua ya 1. Chemsha agari (jeli ya kuoteshea bakteria), mchuzi wa kuwalishia na vipande vya mahameli ya pamba vilivyofungwa kwenye foili. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha kuka ya pauni 15 huku huishia nyuzi 118 hivi, haifiki 121. Mimi huiacha dakika 30 badala ya 15. (Mahameli nilinunua Mwanjelwa. Muuzaji aliniuliza ninamshonea mdoli gani.)

Hatua ya 2. Otesha bakteria usiku kucha pamoja na ampisilini, dawa ambayo plasmidi inaipa usugu, ili karibu wote waanze wakiwa na plasmidi. Kesho yake hamishia mikrolita 50 kwenye mililita 5 za mchuzi usio na dawa, na urudie kila siku kwa siku 10. Kila uhamisho ni vizazi 6.6 hivi. Tumia inkubeta ya nyuzi 37. Julai ya huku meza haina joto la kuotesha kitu.

Hatua ya 3. Zimua mara milioni moja, tandaza mikrolita 100 kwenye agari tupu, utapata koloni (vidoti vya bakteria) mia hivi. Funga mahameli kwenye kopo linaloingia ndani ya sahani, weka alama ya juu, kisha igusishe sahani hiyo yenye koloni mara moja bila kusokota. Juu ya kitambaa hichohicho gusisha sahani ya ampisilini, na mwisho kabisa sahani tupu nyingine. Hii ya mwisho ndiyo shahidi: koloni iliyoota hapa ikakosekana kwenye dawa imepoteza plasmidi, iliyokosekana kote haikushikwa na kitambaa.

Hatua ya 4. Soma baada ya saa 16 hadi 18. Mimi niliwahi kuziacha Ijumaa hadi Jumatatu, nikaandika kwamba karibu zote ni sugu. Nilipoinua sahani dirishani nikaona kila koloni nene imezungukwa na vidoti kama punje za ulezi. Wenye plasmidi hutoa kimeng'enya cha bita-laktamasi, kinavunja ampisilini iliyo karibu, na jirani asiye na kitu anaota hapo akila jasho la mwenzake. Ndiyo maana hata dawa ikiwepo, katika kundi huwakuti wabebaji peke yao. Plasmidi yako ikiwa na usugu wa kanamisini, tumia hiyo: kimeng'enya chake hufanya kazi ndani ya seli.

Hatua ya 5. Chora asilimia ya wabebaji kwa siku. Nakala 2 za plasmidi ndani ya seli zikigawanywa kwa bahati nasibu, nusu ya migawanyiko huacha mtoto mmoja mikono mitupu. Nakala 20, ni mgawanyiko 1 kati ya 524,000 hivi. Kwa hiyo plasmidi ya nakala nyingi ikianza taratibu kisha ikaporomoka, shuku uzito wa mzigo: wasiobeba wanazaana upesi zaidi. Ukiwa na plasmidi iitwayo R1, wasionayo utawaona wachache sana. Ina sumu iitwayo Hok, na mtoto aliyezaliwa bila plasmidi huuawa nayo.

Sahani zote zirudi kwenye presha kuka kabla ya kwenda pipani.